Aparei Ndogo, Maneno Mengi

Kamera nzuri ni ile ambayo ukiitoa mfukoni hakuna anayekuuliza kitu. Hayo mengine yote, megapikseli, zumu, rangi za Kijapani, ni maneno ya wauzaji. Na kwa kipimo hicho, kamera nzuri ya kutumia hapa Rumangabo bado haijatengenezwa.

Kwa asiyepajua kwetu: unatoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, unapita Kibumba kwenye karoti na kabichi, unapita Rugari, na kabla mgongo haujakata tamaa kabisa unafika mahali penye mambo mawili makubwa. La kwanza ni makao makuu ya Mbuga ya Virunga, ile iliyoanzishwa 1925, kongwe kuliko mbuga zote za taifa Afrika. La pili ni kambi ya jeshi. Sasa niambie, mwalimu wa shule anayependa kupiga picha kwa raha zake tu, asiye na gazeti wala mshahara wa picha, aelekeze wapi lenzi yake? Akiielekeza huku, ni mtalii asiyelipa. Akiielekeza kule, ni mpelelezi asiyelipwa. Inabaki juu na chini. Chini ni mawe meusi ya volkano. Juu ni mawingu. Nina picha nyingi sana za mawingu.

Tuanze na kamera kubwa, hizo za kuning'iniza shingoni zenye lenzi ya kutoka mbele. Nimewahi kuazimwa moja. Ukipita nayo barabarani, wewe ni mwandishi wa habari, na mwandishi wa habari ana dola. Vijana wanakuuliza uko na ONG gani, yaani shirika gani la misaada. Wamama wanakuuliza majina yanaandikwa wapi na ugawaji ni siku gani. Kwenye kizuizi wanataka karatasi, na ukitoa karatasi wanataka karatasi ya ile karatasi. Tangu 2012 kambi ya hapa imebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, na wanaosimama barabarani nao wamebadilika sare, lugha na mkoa waliotoka. Swali halijabadilika: "Uko unapiga nani?"

Ukitoa simu, kimya. Simu ya mtu ni simu tu. Inaweza kuwa inarekodi video kwa nusu saa, sauti ndani, na kuituma moja kwa moja mpaka Ubelgiji, lakini kwa kuwa kitu hicho hicho kinaweza pia kumwambia mama mkwe "tumefika salama," basi hakina kosa.

Ndiyo maana nikachagua aparei ndogo, yaani kamera ya kuingia mfuko wa shati, nikiwaza kwamba udogo wake utatuficha sisi wawili. Wapi! Kitu kikubwa kinatisha, kitu kidogo kinatia shaka. Mwenye kamera kubwa angalau anaonekana. Huyu wa kadogo anaficha nini? Na ubaya ni kwamba watu wana sababu. Filamu ile ya Virunga ya mwaka 2014, ya Orlando von Einsiedel, iliyofika mpaka kwenye orodha ya mwisho ya Oscar, ilitumia kamera za kuficha ili kunasa mazungumzo ya watu waliotaka mafuta ya mbuga. Filamu nzuri, ninaisifu bila kinyongo. Lakini wenye kamera ndogo tuliobaki nyuma imetuachia kazi. Mimi nikitengeneza kola ya shati mbele ya mtu mwenye cheo, anaacha kuzungumza.

Kampuni iliyotengeneza kamera yangu siitaji, isije ikadhani naisifu. Niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na wenyeji wanaiita "ile simu ya mwalimu isiyo na namba." Ina lenzi inayochomoza ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima. Hapo ndipo penye msiba. Sisi tunaishi chini ya Nyamulagira, volkano inayolipuka mara nyingi kuliko nyingine yoyote Afrika, na Nyiragongo iko jirani. Jivu lao ni laini, lina makali ya kioo, na halibishi hodi. Lenzi ikitoka inajipaka vumbi, ikirudi inaliingiza nyumbani. Kamera kubwa ukiifungua unaipuliza. Hii ndogo haifunguki, imezibwa kiwandani kwa skrubu ambazo hata fundi wa saa anaziangalia na kukurudishia. Kwa hiyo chembe moja imekaa juu ya kihisi, na kila picha yangu ya mawingu ina doa jeusi upande wa kulia, juu. Kizuizini kijana mmoja alizipitia picha zangu moja moja kwa subira ambayo laiti wanafunzi wangu wangekuwa nayo, akalisimamia lile doa. Akataka kujua ni ndege isiyo na rubani ya upande gani. Nikamwambia ni jivu. Akaniuliza kwa nini basi jivu linanifuata kila ninapopiga. Swali la haki kabisa, lakini ilichukua mchana wote kulijibu.

Lakini adui wa kweli wa kamera yangu si kizuizi. Ni ile selfi.

Aprili 2019, mlinzi wa mbuga Mathieu Shamavu alijipiga picha hapa hapa Rumangabo, kwenye kituo cha Senkwekwe wanapolelewa gorila yatima. Nyuma yake wapo Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima kwa miguu miwili, matumbo mbele, mikono imening'inia, mmoja amejipenyeza kuchungulia, kama wanakamati wanaosubiri posho ya kikao. Dunia nzima iliiona. Watu ambao hawawezi kuonyesha Goma kwenye ramani walicheka kwa kuangalia udongo wetu. Na ilipigwa kwa simu! Tangu siku hiyo siwezi kumweleza mtu faida ya kioo kizuri cha lenzi, ya kitufe cha kubonyeza kwa kidole, ya gurudumu la kupunguza mwanga, bila mtu kunikata: "Mwalimu, mbona ile foto ya ngagi walipiga na simu?"

Nimechoka kujibu, kwa hiyo najibu hapa mara moja. Ile picha haikupigwa na simu. Ilipigwa na miaka. Ndakasi alipatikana 2007 akiwa na umri wa miezi miwili hivi, amemshikilia mama yake aliyeuawa kwa risasi. Ndeze naye aliachwa yatima mwaka huo huo. Walinzi wakawalea, wakalala nao, wakawabeba, mpaka wanyama wakaiga waliowalea hata kusimama. Ukishamlea gorila zaidi ya miaka kumi na akakuona wewe ni mzazi wake, unaweza kumpiga kwa kopo la maziwa lenye tundu la sindano, na picha itatoka nzuri. Wewe unayenikata maneno, na simu yako ya kamera tatu nyuma, hata mbuzi wako mwenyewe hakubali usimame naye.

Tena Julai ya mwaka ule ule 2007, Brent Stirton wa Afrika Kusini alipiga picha ya Senkwekwe, dume la mgongo wa fedha ambalo kituo kinabeba jina lake, amelazwa amekufa juu ya machela ya miti, wanaume wengi wamembeba wakipita kwenye majani. Hiyo hakuna anayeniuliza ilipigwa na nini. Na Septemba 2021 Ndakasi alipokuwa anakata roho mikononi mwa André Bauma, aliyemlea tangu akiwa kichanga, Stirton aliipiga picha nyingine, iliyopata tuzo London mwaka uliofuata. Hapo siongezi neno. Hata safu ya kulalamika ina mahali pa kunyamaza.

Vijana wanaodhani kamera ililetwa huku na simu za Kichina, nawaelekeza Mikeno. Mwaka 1921 Mmarekani mmoja, Carl Akeley, alipanda mlima ule na kamera ya filamu aliyoibuni yeye mwenyewe, duara, imeshiba, akawa wa kwanza kuwapiga gorila filamu porini. Kabla ya kuwapiga filamu alikuwa anawapiga risasi, maana kazi yake ilikuwa kujaza wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Baadaye roho ikamgeuka, akamwendea mfalme Albert wa Ubelgiji mpaka mbuga ikatengwa. Alirudi 1926, akaugua, akafia huko juu, akazikwa Kabara. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulalamika kuhusu uzito wa vifaa vya picha katika milima hii labda alikuwa mmoja wa wapagazi waliobeba vyake. Huyo ndiye babu yangu katika fani, na jina lake sijaliona popote.

Basi, turudi kwenye mfuko wa shati. Mimi siyo wa kuitetea kamera yangu kwa upofu. Ina makosa ambayo ningeyavumilia kwa punda, lakini siyo kwa chombo cha umeme. Kubwa ni kuchelewa. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inashuka barabarani imejaa magunia ya makaa, kijana amepiga goti moja juu ya kile kipande cha kandambili, mguu mwingine unasuguana na gurudumu la nyuma kutafuta breki, vumbi linafumuka, jua la saa kumi na moja linaingia pembeni. Picha ya maisha. Nabonyeza. Kamera inafikiri. Inatafuta umbali, lenzi inaenda mbele, inarudi, inakoroma kidogo, kisha inasema klik. Picha inaonyesha barabara nzuri sana, safi, haina mtu. Ukitaka kuipata chukudu lazima ubonyeze nusu kabla haijafika, ukilenga jiwe ambalo itapita karibu nalo, ushike pumzi, halafu umalizie. Mbinu hiyo inafanya kazi, ila ukiwa umesimama kando ya barabara, umelenga jiwe, umeshika pumzi, unaonekana mtu anayesubiri kitu kilipuke. Chukudu pekee niliyoipata bila mtikisiko ni ile ya dhahabu kule Goma, kwenye ronpwe, yaani mzunguko wa barabara, na sanamu haiendi popote.

La pili ni uongo wa vipimo. Kule sokoni Goma kijana wa duka anakusimulia megapikseli 48 kana kwamba anakupimia sukari. Mwambie akuonyeshe kihisi. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini zina kihisi cha milimita 6 kwa 4 na nusu. Dengu mbili zikikaa pale zinagombana. Humo ndimo wanamosongamanisha zile milioni 48, kila moja inapata tone la mwanga, na jioni ikifika zinaanza kubuni. Ukiwa na pesa zaidi wanakupandisha daraja mpaka kihisi wanachokiita cha "inchi moja." Nilisoma vipimo vyake kwenye karatasi ya maelezo: 13.2 kwa 8.8. Za milimita! Inchi ina milimita 25. Wanasema ni hesabu iliyorithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za zamani za televisheni, wenyewe wanaelewana. Mama wa sokoni hapa Rumangabo akipiga kitako cha kopo la maharage kiingie ndani kidogo, anaitwa mwizi mbele ya watoto wake. Hawa wamebonyeza inchi mpaka ikabaki nusu na wanapewa tuzo za ubunifu.

Kadi za kumbukumbu hata sitaki kuzizungumzia. Niseme tu kwamba kuna kadi imeandikwa gigabaiti 64 bila kuwa nazo, na ukishaweka picha za ubatizo mzima, asubuhi unakuta zile za mwanzo zipo, na kuanzia pale padre anaponyanyua maji ni mistari ya kijivu. Mtoto amebatizwa, Mungu anajua, ila ushahidi hakuna. Familia inaniangalia mimi, haimwangalii aliyeuza kadi.

Na kijivu hicho kinanipeleka kwenye jambo ambalo nalisema kwa hasira ya kweli. Kamera zote, kubwa na ndogo, zina imani moja: kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu. Zimefundishwa hivyo, asilimia 18. Zikiona cheusi, zinakiongezea mwanga mpaka kifanane na kijivu; zikiona cheupe, zinakipunguzia. Sasa ilete kamera hiyo mahali ambapo mawe ni meusi, barabara ni nyeusi, na mnyama maarufu kuliko wote ni mweusi tii. Miaka ya nyuma mtalii alilipa dola 400 za kibali, akapanda Bukima kwenye matope, akavaa barakoa, akapewa saa moja na familia ya gorila, akarudi na picha ya mnyama wa rangi ya majivu, na nyuma yake majani yaliyopauka. Akasema kulikuwa na ukungu. Hakukuwa na ukungu, Papa, ulitakiwa uzungushe lile gurudumu dogo lenye alama ya kuongeza na kutoa, urudi kwenye moja ya kutoa. Mimi sijawahi kulipa hizo dola 400 na sitazilipa, lakini nimejifunzia kwa mbuzi mweusi wa jirani, na somo ni lile lile.

Darasani ni kinyume. Watoto wangu wamevaa mashati meupe, kama sare ya nchi nzima inavyotaka. Piga darasa zima juani: kamera inaona mashati, inaogopa, inapunguza mwanga, unapata mashati yamepigwa pasi vizuri sana, na juu ya kila kola giza lenye meno. Ongeza mwanga uone nyuso: mashati yanageuka taa. Hilo nalo lina historia. Miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kadi ya mwanamke mmoja Mzungu aliyeitwa Shirley, akapokewa na wenzake wa rangi ile ile, na kadi ikabaki na jina lake. Rangi yake ikitoka sawa, basi filamu ni sawa. Kodak walipoanza kurekebisha filamu zao zishike hudhurungi vizuri, inasemekana waliowasukuma walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilikuwa hazitofautiani kwenye matangazo. Kabati lililalamika, likasikilizwa. Sisi tulikuwa kwenye foleni nyuma ya kabati.

Mtu ataniambia simu za siku hizi zimetatua hayo. Zimetatua, ndiyo, kwa kumpaka kila mtu poda bila kumwuliza. Direkta wetu alipigwa kwa simu siku ya kufunga mwaka, ikamfutia mikunjo yote ya uso aliyoichuma kwa miaka ya kazi na mishahara iliyochelewa, ikamtoa kijana wa sura ya biskuti. Picha yangu mimi ilimwonyesha alivyo, mtu mwenye busara na usingizi mdogo. Iliyotundikwa ofisini ni ya simu.

Kuna usiku ambao ningependa wenye simu waje nyumbani kwangu. Nyamulagira ikiwaka, mawingu juu yake yanakuwa mekundu kwa chini, na kwa simu unapata doa la karoti iliyosagwa. Kamera yangu ndogo, mzee ilivyo, ukiiambia ifungue jicho sekunde 15 inakuletea wekundu, ukingo wa mlima na nyota juu yake. Sharti moja: isitikisike. Dunia nzima wanatumia miguu mitatu. Hapa miguu mitatu si kitu cha kukunjua usiku kwenye uwanja wako ukaelekeza mlimani, kwa sababu kwa mbali haijulikani kinachokuja kuwekwa juu yake ni kamera au ni kitu cha kutema risasi, na anayetazama kwa mbali huwa hana haraka ya kuuliza.

Kwa hiyo natumia maharage. Wapiga picha wa wanyama wanalijua hilo, wananunua vimfuko maalumu vya kitambaa, wanavijaza, wanaweka lenzi juu. Mimi ninachukua kilo tatu, nne, kwenye mfuko wa chumvi, naziweka juu ya ukuta wa mawe, naikandamiza kamera ikae kama kuku anayetaka kutaga, naweka saa ya kujipiga yenyewe, naondoka. Hakuna mtu kizuizini aliyewahi kunikamata kwa kubeba maharage. Katika vifaa vyote vya picha nilivyowahi kuwa navyo, hayo ndiyo pekee yasiyonidai karatasi. Shida ni moja tu: mama watoto hakubali kwamba kuna maharage ya picha na maharage ya chungu. Nimewahi kutoka nje usiku, mlima unawaka vizuri sana, nikakuta mfuko umelegea nusu.

"Maharage yangu yako wapi?"

"Yako ndani yako, Papa. Umekula saa moja."

Betri nazo. Umeme tunao, wa Matebe, ule mtambo wa maji uliozinduliwa 2015, na ukiwa na nguvu unachaji vizuri kuliko wa mji fulani mkubwa nisioutaja. Lakini chaja ya kamera yangu ni ya kamera yangu tu, ya aina ambayo mimi na yeye tutazikwa pamoja. Ulaya wameweka sheria, tangu Desemba 2024 kamera mpya zichajiwe kwa tundu moja na simu. Imekuja imechelewa kwa kizazi changu. Mimi nina sanduku zima la chaja za kamera zilizokufa, na siwezi kuzitupa kwa sababu siku nitakayozitupa mtu atanigawia kamera.

Wala bei sizielewi tena. Mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilipita milioni 120, nyingi ni hizi ndogo. Kufikia 2023 zote kwa pamoja, kubwa na ndogo, hazikufika milioni 8. Nilidhani kitu kisichotakiwa kinashuka bei. Mwaka 2024 Fujifilm walitoa X100VI, kamera isiyobadilishwa lenzi, inaingia mfuko wa koti, dola 1,599, na watu wakapanga foleni. Ndani ya mashine hizi kuna tantalamu, inayotokana na koltani, na koltani nyingi inachimbwa Rubaya, kule Masisi, mkoa wetu huu huu. Linaondoka jiwe kwa mgongo wa mtu, linarudi kwa ndege limevaa ngozi, na mimi siwezi kulikaribisha nyumbani.

Hapo ndipo mpwa wangu aliye Kampala akanipigia. Salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida, nikajua kuna kitu.

"Mjomba, ile aparei yako ya zamani bado unayo?"

Nikasema ninayo, inafanya kazi, kwa nini. Akaniambia usimpe mtu. Kwamba vijana wa Kampala, na wa Ulaya, na wa Marekani, wamechoka na picha safi za simu. Sasa wanatafuta kamera ndogo za miaka ile, wanazinunua kwa pesa nyingi, kwa sababu picha zake zinatoka na ukungu kidogo, flashi inampiga mtu usoni, rangi zimekosea kidogo, mtu anaonekana yuko kwenye sherehe ya 2006.

Nikamwambia hayo yote ni makosa, nimetumia nusu ya maisha kuyakimbia.

"Mjomba, makosa njo bei yenyewe. Usiitengeneze. Hata vumbi usifute."

Sikumjibu haraka. Nilichukua kalamu, kwa sababu mwalimu huwa na kalamu, nikaanza kumsomea. Kuchelewa kwa kitufe, hiyo ni ya asili, dola 20. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma, dola 10. Chaja isiyopatikana popote duniani, dola 15. Lile doa la kulia juu, jivu halisi la Nyamulagira, limekaguliwa kizuizini na kuthibitishwa si ndege ya mtu, halitengenezwi Tokyo: dola 50.

Akasema lile doa ni ghali. Nikamwambia atafute la bei rahisi Kampala. Tukabishana kwenye doa mpaka vocha yake ikakaribia kuisha, na mama watoto, aliyekuwa anasikiliza kila neno kutoka jikoni, akatoa kichwa mlangoni akauliza kama nimeshaandika maharage.